Nne Hapa na Nne Pale

Jumanne asubuhi, kabla uji haujapoa, Nelima alisoma ujumbe kwenye simu yake mara tatu, kisha akafunika uso kwa viganja. Mama yake, Mideva, akaweka sufuria chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mama. Wameniita kwa ile kazi."

Kazi yenyewe Mideva alikuwa ameelezwa mara nyingi na bado haikumkaa kichwani. Kulikuwa na kampuni Nairobi iliyokuwa ikijenga mji ndani ya kompyuta. Mtu mwenye kiwanja angeingia katika mji huo akiwa ameketi kwake, atembee ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, afungue milango, apande ngazi, na kama jikoni hapampendezi aseme pahamishwe. Nelima alikuwa amesomea uchoraji wa majengo na kumaliza miaka miwili iliyopita. Tangu hapo alikuwa akifundisha watu kuchapa katika chuo kidogo cha Turbo, siku tatu kwa wiki, akilala huko mpaka Alhamisi, kwa mshahara ambao nauli na kitanda viliula karibu wote.

"Ijumaa saa tatu wananipima," alisema. "Wanataka niingie kwa huo mji na kompyuta yangu mwenyewe, nijenge nyumba wakiniangalia. Lakini wanataka kompyuta ya core nane. Yangu ina nne."

"Core ndiyo nini?" akauliza Lusweti, baba yake, aliyekuwa akifunga viatu aende kazini. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la mahindi, na kitu kisichopimika kilimsumbua.

Nelima alitazama saa. "Baba, ni viini. Processor ni ubongo wa kompyuta, na ndani yake kuna viini. Chukua ni kama vibarua. Wakiwa wanne, wanafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Wakiwa wanane, wanafanya nane."

"Sasa umesema," Lusweti akajibu. "Vibarua nawajua."

Hata Mideva aliwajua. Kabla ya kuanza kufuma sweta alikuwa amepalilia na kuvuna mahindi ya watu kule Chepsaita kwa misimu sita. Mwenye shamba alikuwa akisema, nataka watu wanane kesho. Kama nyumbani kwenu mko wanne, unapita kwa jirani aliye na wanne, mnakwenda pamoja, na jioni mwenye shamba analipa watu wanane. Hakuna siku aliyowahi kuuliza wametoka nyumba ngapi.

"Usihangaike, Mama," Nelima alisema akiwa mlangoni. "Kuna rafiki yangu Kaptagat, Purity, ana kubwa. Nitamwomba aniazime."

Mideva hakulipenda neno hilo la kuomba. Tangu Nelima amalize chuo, nyumba hiyo ya mtaa wa Langas ilikuwa imeomba watu sana.

*

Jumatano alifungua kibanda chake cha sweta akiwa tayari amefunga kula mpaka saa sita, kama alivyofanya kila alipokuwa na ombi zito. Lakini mtu anayefunga pia huuliza. Alianza kwa Byron wa saiba, kibanda cha intaneti, ambaye alimwambia nne zinatosha kabisa, yeye mwenyewe alikuwa na mbili na hajawahi kulala njaa. Mwalimu aliyekuja kuchukua sweta ya mtoto wake alisema kwa mambo ya dunia za mtandaoni ni kumi na sita, chini ya hapo ni kujisumbua. Kiongozi wa kwaya, aliyewahi kuuza simu, alicheka na kusema idadi si kitu, kitu ni mwaka iliotengenezwa.

Mideva akampigia Nelima.

"Ni nane, Mama," Nelima alinong'ona kwa maana alikuwa darasani. "Wameandika nane. Wengine wote waache."

Saa nane mchana alikuwa mjini, katika duka la kompyuta ambalo vioo vyake vilimwonyesha yeye mwenyewe kabla ya kumwonyesha kilichomo. Muuzaji, kijana aliyeitwa Collins, alikuwa anahudumia watu watatu na simu moja.

"Mathe, unataka ya kuandika barua ama ya gemu?"

"Ya kujenga mji."

Mteja mmoja alicheka puani. Collins hakucheka, ila alimtazama Mideva viatu vyake, ambavyo vilikuwa na tope la Langas, ndipo akamtajia bei. Ya core nane ilikuwa elfu sabini na nane. Mideva alimwomba arudie. Akarudia polepole, kama anayesema na mtu asiyesikia vizuri.

"Na ile pale?"

"Hiyo imetumika ng'ambo, lakini safi. Core nne. Elfu ishirini na mbili."

Mideva aliitazama. Ilikuwa sawasawa na ile ya Nelima, jina lile lile kwenye kifuniko, rangi ile ile ya jivu. Alisogea kando karibu na mashine za kutolea karatasi, akafumba macho. Bwana, akasema kimoyomoyo, mimi haya mambo siyajui. Nitamwuliza huyu kijana neno moja tu. Lile atakalonijibu nitalichukua kuwa ni wewe.

Akarudi. "Nikiwa na moja ya nne nyumbani, nikichukua na hii ya nne, zitakuwa ngapi?"

Collins alikuwa ameshika simu kwa bega na anahesabu chenji ya mtu. "Zitakuwa nane, mathe," akasema.

*

Mashine ya kufuma ilikuwa kitu pekee nyumbani kinachoweza kuleta elfu ishirini na mbili kabla ya Ijumaa. Wacera, aliyekuwa na kibanda cha sweta upande wa pili wa barabara, alikuwa ameitamani tangu mwaka jana.

"Mama Nelima, shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu," Wacera alisema. Hakuwa mtu mbaya. "Huu ndio wakati wetu wa kula. Una hakika?"

"Mtoto akianza kazi nitanunua nyingine."

"Mungu akusaidie. Nitakupa ishirini na nne."

Vijana wawili waliibeba na kuivusha barabara. Mideva aliwafuata nyuma akiwaambia waishike chini, wasiishike kwenye mkono wake, mpaka Wacera akamwambia kwa upole, "Sasa niachie mimi niwaambie."

Jumatano jioni, akiwa amerudi dukani na kuinunua ile ya core nne, alimpigia Nelima. "Usiombe mtu. Tumepata nane. Ziko hapa mezani."

Upande wa pili Nelima akaanza kulia. "Mama, mmetoa wapi?"

"Wewe rudi nyumbani utazame."

Na Nelima, kwa furaha hiyo, akampigia Purity akamshukuru, akamwambia asijisumbue tena. Purity akasema ni vizuri, kwani kesho yake alikuwa anasafiri Kisumu na angeibeba kompyuta yake.

*

Alhamisi jioni kompyuta mbili zilikuwa zimewekwa mezani bega kwa bega, juu ya kitambaa cha kufuma ambacho hutolewa mchungaji akija. Lusweti alikuwa amenyoa ndevu. Mideva alikuwa amepika kuku mmoja kati ya wawili waliobaki.

Nelima aliingia, akatazama meza, akatazama nyuma ya mlango, akatazama meza tena.

"Ya nane iko wapi?"

"Si hizo," Mideva akasema. "Nne hapa, na nne pale."

Msichana alikaa chini bila kuvua mkoba. Kisha akafungua ile kompyuta mpya, akaiwasha, akasoma alichosoma, akaifunga kwa uangalifu mkubwa.

"Mama, haziunganiki."

"Tafuta waya."

"Hakuna waya wa kufanya hivyo. Hii ni kompyuta moja na ile ni nyingine. Mji unaingia kwa moja tu. Vibarua wa hii hawawezi kutoka waende kusaidia wa ile."

"Kwani wamekatazwa na nani?" Lusweti akauliza. "Ni wewe ulisema ni vibarua."

"Nilisema ni kama vibarua, Baba."

"Kibarua ni kibarua. Akiitwa anakwenda."

"Hawa wamezaliwa ndani, wanafia ndani. Sijui nikuambie aje." Akamgeukia mama yake. "Mama, pesa ulitoa wapi?"

Lusweti ndiye aliyejibu, akitazama kuku. "Ameuza mashine."

Walimpigia Collins, nambari ilikuwa kwenye risiti. Lusweti ndiye aliyeongea, kwa sauti yake ya mizani, ile ambayo madereva wa lori waliiogopa. Collins alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mama aliniuliza nne na nne ni ngapi. Ningemwambia ngapi?"

"Ungemwambia hazitafanya kazi."

"Hakuniuliza kama zitafanya kazi. Na hapo chini ya risiti imeandikwa kitu kikishauzwa hakirudi. Kwani mzee mlitaka kuzifunga nira kama ng'ombe wa kulima?"

Lusweti alikata simu. "Mwanamke mzima," akamwambia mkewe, "unanunua kitu usichokijua kwa mtu usiyemjua, na mwenye kujua ni mtoto wako, alikuwa Turbo, simu anayo."

"Nilimwuliza."

"Ulimwuliza ngapi. Hukumwuliza zinafanya kazi aje."

Nelima alijaribu kumpata Purity, lakini Purity alikuwa njiani na simu yake haikupatikana. Walikula kuku kwa kuwa alikuwa amekwisha pikwa. Wakati wa maombi Lusweti aliomba kwa ufupi. Zamu ya Mideva ilipofika alianza, "Baba yetu," akakwama. Alitaka kusema, niliomba neno nawe ukanipa. Lakini kadiri alivyolitazama lile ombi la dukani ndivyo lilivyozidi kumchanganya. Aliuliza hesabu, akajibiwa hesabu. Nani alikuwa amekosa? Collins hakudanganya. Mungu hadanganyi. Nelima hakudanganya. Na mashine ya kufuma ilikuwa ng'ambo ya barabara.

"Amina," akasema, na wengine wakaitikia ombi ambalo halikuwa limesemwa.

*

Ijumaa saa tatu kasoro robo walikuwa mezani wote watatu. Lusweti alikuwa ameomba ruhusa ghalani. Kwanza ikatokea fomu. Nelima aliwasomea: jina, mahali ulipo, kisha, kompyuta yako ina core ngapi?

"Andika nane," Lusweti akasema.

"Baba."

"Si uongo. Ziko mezani, hesabu. Mimi nikipima gunia mbili za kilo tisini naandika mia moja na themanini. Sisemi kila moja imekaa wapi."

Kidole cha Nelima kilisimama juu ya kitufe. Alimgeukia mama yake, na Mideva akaona kwamba mtoto anamwachia yeye. Kama ikiandikwa nne huenda mlango ukafungwa hapo hapo, na mashine iwe imeuzwa bure. Kama ikiandikwa nane, basi kwa mara ya kwanza tangu jana hesabu yake ingekuwa na maana. Aliitaka sana hiyo nane.

"Baba Nelima," alisema mwishowe, "ameulizwa kompyuta. Hakuulizwa nyumba." Akameza mate. "Andika nne."

Saa tatu kamili sauti ya mwanamume ilitoka ndani ya kompyuta. Alijitambulisha kuwa ni Odera, msimamizi.

"Nelima, umeandika nne. Tuliomba nane."

"Ndiyo. Ninajua. Ni nne."

"Sawa. Mtu wa kwanza leo ameandika nane, na akiingia mtambo unanionyesha ana mbili. Wewe ingia tuone."

Mji ukafunguka polepole, vipande vipande, kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba. Mideva alisogea. Aliona barabara pana isiyo na tope wala watu, na miti isiyoangusha majani. Katikati alisimama mwanamke wa kijivu ambaye hakuwa bado na uso. "Huyo ni mimi," Nelima akanong'ona. Odera akasema ajenge nyumba ya vyumba vitatu, yenye ngazi, na amtembeze ndani yake.

Kuta zikaota. Madirisha yakaingia. Mideva, ambaye hakuwahi kumwona mwanawe akifanya kazi aliyoisomea, alisahau kwa muda lile lililomleta mezani. Msichana hakusita. Alipima, akafuta, akapima tena, kama fundi aliyezoea. Ngazi ikapanda. Mwanamke wa kijivu akaanza kupanda nayo, na kwenye kidato cha tano akaganda, mguu mmoja hewani.

Dakika moja ikapita. Ya pili ikapita.

"Umekwama," Odera akasema.

"Ni zile core," Lusweti akanong'ona. "Wamechoka."

Sauti ilimsikia. "Hapana, mzee, si core. Ninaona hapa. Moja inafanya karibu kazi yote, zile tatu zinaiangalia. Hata angekuwa na nane, saba zingekaa. Programu yetu iko hivyo. Hapa iliyojaa ni memori, nafasi ya kuwekea kazi. Nelima, una nane. Inataka kumi na sita."

Mideva alimtazama mumewe. Jana walikuwa wanatafuta nane hawana. Leo kumbe nane walikuwa nayo, na haitoshi.

"Kazi yako ni nzuri," Odera akaendelea. "Lakini lazima uimalize kwa kompyuta yako. Nitafunga saa sita. Ukipata memori kabla ya hapo, niite. Usipopata, nina watu wengine kumi na mmoja."

Skrini ikarudi kuwa nyeusi. Lusweti alisema, "Kwisha." Lakini Nelima alikuwa amegeuka, anaitazama ile kompyuta ya pili, ile isiyo na kazi, na alikuwa ameanza kuipapasa tumboni akitafuta skrubu.

*

Kabiru alitengeneza redio na simu katika kibanda cha mabati kwenye kona. Nelima alieleza kwa maneno machache, naye akazifungua kompyuta zote mbili juu ya gazeti, zikalala chali kama samaki waliopasuliwa.

"Una bahati," alisema. "Ni ndugu. Kila moja ina kipande kimoja cha nane, na nafasi moja iko wazi." Akachomoa kijibao kidogo, kirefu kama kidole, kutoka katika kompyuta aliyonunua Mideva. "Lakini hii haitawaka tena mpaka uinunulie kingine. Niendelee?"

Nelima alimtazama mama yake. Mideva aliitazama ile kompyuta ya elfu ishirini na mbili, kifua wazi.

"Hicho kinahamishika?"

"Ndiyo, mama."

"Na nane na nane hapo zitakuwa kumi na sita? Zitafanya kazi pamoja? Nauliza kama zitafanya kazi."

"Zitafanya kazi."

"Lakini core haziwezi."

"Core zimeshikana na mwili. Memori ni kama ghala tu, ukiongeza chumba unaongeza gunia."

"Nani aliamua iwe hivyo?"

Kabiru alifikiri. "Mama, mimi nafunga skrubu tu."

"Endelea," Mideva akasema.

Saa tano na dakika kumi mwanamke wa kijivu alishusha mguu wake kwenye kidato cha tano, akapanda cha sita, cha saba, akafika juu, akafungua mlango. Odera alimwambia asogeze jikoni upande wa jua la asubuhi, akasogeza. Alimwambia atoke nje azunguke nyumba, akazunguka. Kisha akasema Nelima ataanza Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio, nyumba ndogo ndogo kwanza, malipo kwa nyumba.

Lusweti alitoa kofia, akairudisha. Nelima aliweka kichwa begani mwa mama yake, naye Mideva akamshika mkono.

"Kwa hiyo zilitakiwa ngapi?" Mideva akauliza.

"Zimeandikwa nane, Mama. Nne ndizo tulizokuwa nazo. Iliyofanya kazi ni moja."

"Na wao wenyewe wanajua?"

"Sidhani kama wameulizana."

Mideva akapiga magoti pale pale kando ya kiti. Alitaka kushukuru kwa mpango, ila hakuweza kusema sehemu ipi ilikuwa ya mpango na ipi ilikuwa ya ujinga wake mwenyewe. Akashukuru kwa yote mawili, akiomba asamehewe lile lisilostahili shukrani.

*

Jumatatu, Nelima akiwa amefunga mlango wa chumba na kuingia kazini, Mideva alivuka barabara. Kibanda cha Wacera kilikuwa kimejaa nyuzi za kijani na za maruni. Mashine mbili zilikuwa ndani, na mtu mmoja tu, Wacera, alikuwa anafuma.

"Mama Nelima," Wacera alisema. "Nimesikia mtoto amepata. Mungu ni mwema."

"Ni mwema. Nimekuja kuuliza kama una kazi. Mpaka shule zifunguliwe."

Wacera alishusha macho kwanza, kisha akasema kama mtu anayeshika yai, "Ninalipa kwa sweta. Mia na ishirini."

"Sawa."

"Si nyingi. Wewe mwenyewe unajua."

"Ninajua."

Mideva akaketi. Kiti kilikuwa kipya na kifupi kuliko chake. Alishika mkono wa mashine iliyokuwa yake, akausukuma mara moja bila uzi ili asikie unavyokwenda. Ulikuwa umetiwa mafuta mengi mno, lakini hakusema.

Wacera alizunguka, akapanga sweta ambazo zilikuwa zimepangwa, akarudi. "Sasa nisaidie. Msichana wangu anaingia chuo mwezi ujao na anasema anataka kompyuta. Nimepata pesa kidogo, nilitaka nimshtukize kesho. Wewe sasa umekuwa mtaalamu. Nichukue ya core ngapi? Nne ama nane?"

Mideva alianza kuvisha uzi. Wacera alikuwa anangoja nambari, na nambari alizokuwa nazo kichwani zilikuwa nyingi: mbili, nne, nane, kumi na sita, na ile moja.

"Msichana mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anaosha vyombo."

"Mwite."

"Nimekwambia nataka kumshtukiza."

"Usimshtukize. Mwite aketi hapa, mwulize anataka kufanya nini nayo, na umwache amalize kuongea. Na akimaliza, mwambie akueleze tena."

Wacera alicheka. "Nimeuliza core, unanipa mahubiri."

"Mwite tu," Mideva alisema. "Sweta hii ni saizi gani?"

"Thelathini na mbili."

Akahesabu nyuzi mara mbili kabla ya kuanza.